Mvumo wa Mkondo: Hesabu za Tarakilishi, Mabati ya Kibera na Vikwamizo vya Kiswahili

Utangulizi

Mkondo wa hewa unapopita penye kizuizi huzaa sauti. Jambo hili linajulikana na kila mtu aliyewahi kupuliza filimbi, kupiga mluzi, au kulala katika nyumba ya mabati usiku wenye upepo. Hata hivyo, elimu inayoeleza kwa hesabu kwa nini mkondo huzaa sauti, na sauti ya kiasi gani, haina umri mkubwa. Msingi wake uliwekwa mwaka wa 1952, wakati mwanahisabati Mwingereza M. J. Lighthill alipochapisha sehemu ya kwanza ya makala yake juu ya sauti izaliwayo na mwendo wa hewa. Kilichomsukuma kilikuwa ni injini za jeti, ambazo zilikuwa zimeanza kuwasumbua watu kwa makelele yake. Mwezi wa Mei wa mwaka huohuo ndege ya kwanza ya abiria yenye injini hizo, Comet, ilianza safari zake za kawaida kutoka London hadi Johannesburg, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Hivyo Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo duniani kuusikia mvumo huo katika safari za biashara.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi sauti ya mkondo inavyoigwa kwa tarakilishi (yaani kompyuta, jina la kwanza limezoeleka zaidi katika vitabu vya Kenya, ijapokuwa hata huko la pili halijashindwa). Huenda ikaulizwa: jarida la lugha lina haja gani na hesabu za wahandisi wa ndege? Haja ni mbili. Kwanza, sauti ambazo wanaisimu huziita vikwamizo, yaani /f/, /th/, /s/, /sh/ na wenzake, ni sauti za mkondo hasa, na hesabu zinazohusu jeti ndizo zinazohusu kinywa. Pili, watu wanaoishi katikati ya kelele huzilalamikia kwa Kiswahili, ilhali vipimo na hesabu za kelele hizo huandikwa kwa Kiingereza. Na kati ya lugha hizo mbili hapana istilahi za kuaminika za kuwavusha. Mtaa wa Kibera, Nairobi, unaonyesha haja zote mbili kwa pamoja.

Sauti za Kibera

Kibera iko kilomita chache kusini-magharibi ya kitovu cha jiji. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa waliopewa ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni pamoja na jamaa zao. Lugha yao, ambayo ni krioli yenye asili ya Kiarabu, ilielezwa na Bernd Heine katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1982, na pengine wanaisimu wengi wa nje wanaijua Kibera kwa kitabu hicho tu. Leo Kinubi ni lugha moja kati ya nyingi za mtaani humo. Kidholuo, Kiluhya, Kikamba, Kikuyu na nyinginezo husikika vichochoroni, na Kiswahili, pamoja na Sheng, ndicho kinachowaunganisha wasemaji.

Nyumba nyingi za Kibera zina kuta za udongo au za mabati, na karibu zote zina paa la mabati. Kati ya nyumba na nyumba mara nyingi pana uchochoro tu. Reli iendayo Kisumu hukatiza mtaa, na Uwanja wa Ndege wa Wilson uko karibu. Kwa hiyo sauti zinazomfikia mkaazi ni za namna nyingi, nazo hazifai kutiwa katika kapu moja. Magurudumu ya gari-moshi yanaposuguana na reli, chuma hutetemeka. Hiyo si sauti ya mkondo. Matone ya mvua yapigapo bati, bati ndilo linalotetemeka. Hiyo nayo si sauti ya mkondo. Lakini honi ya gari-moshi, mvumo wa propela za ndege, jiko la mafuta ya taa la kupampu linapowaka, bomba la maji linalovuja, na upepo unaopita kwenye ncha za mabati yasiyopigiliwa misumari vizuri, zote hizo ni sauti za mkondo. Huko Kawangware, kaskazini-magharibi ya Kibera, reli haipiti katikati ya nyumba, lakini orodha iliyobaki ni karibu ileile.

Mfano ulio mwepesi kuliko yote ni waya. Upepo ukipita kwenye waya wa mviringo, nyuma ya waya huo huzaliwa visulisuli vidogo vya hewa, kimoja upande huu na kingine upande ule, kwa zamu. Kila kisulisuli kinapobanduka, waya husukumwa kidogo, na hewa iliyo jirani husikia msukumo huo. Mwanafizikia Vincenc Strouhal aliupima mlio huu mwaka wa 1878. Kutokana na kazi yake ilipatikana kanuni kwamba idadi ya mitetemo kwa sekunde ni karibu sawa na 0.2 mara kasi ya upepo, ikigawanywa kwa unene wa waya. Waya wa umeme wenye unene wa milimita 3, upepo ukiwa na kasi ya mita 6 kwa sekunde, utatoa mlio wa mitetemo 400 kwa sekunde hivi. Hapa hapahitajiki tarakilishi; kalamu na karatasi zatosha. Taabu huanza pale visulisuli vinapokosa zamu na mkondo ukaingia katika msukosuko.

Kazi ya Lighthill na waliomfuata

Mwendo wa hewa na wa maji hutawaliwa na milinganyo iliyoandikwa katika karne ya 19 na Navier wa Ufaransa na Stokes wa Uingereza. Milinganyo hiyo ni kamili, lakini kuitatua kwa mkondo wenye msukosuko ni kazi ambayo kalamu haiiwezi. Alilolifanya Lighthill halikuwa kuitatua. Aliipanga upya, akaweka upande wa kushoto mawimbi ya sauti yakisafiri katika hewa tulivu, na upande wa kulia mambo mengine yote, akayaita chanzo cha sauti. Kwa mpango huo yeyote ajuaye msukosuko ulivyo anaweza kukadiria sauti itakayosikika mbali, bila kulifuata kila wimbi njiani.

Matokeo yake mashuhuri ni kwamba nguvu ya sauti ya mkondo ulio huru, kama ule utokao kwenye injini ya jeti, huongezeka kwa kipeo cha 8 cha kasi yake. Kasi ikizidishwa mara 2, nguvu ya sauti huzidishwa mara 256, yaani desibeli 24. Mwaka wa 1955 N. Curle alionyesha kwamba mkondo ukikutana na kitu kigumu, hali hubadilika: nguvu ya sauti hufuata kipeo cha 6. Kwa haraka mtu angedhani kwamba kipeo kidogo maana yake ni sauti ndogo. Kinyume chake ndicho kweli kwa mikondo ya polepole. Penye kasi iliyo chini sana ya ile ya sauti, kitu kigumu hukuza mvumo maradufu, kwa sababu hewa hupata mahali pa kuegemea. Mwaka wa 1969 J. E. Ffowcs Williams na D. L. Hawkings walieneza hesabu hiyo hadi kwenye vitu vinavyokwenda, na mlinganyo wao ndio unaotumika mpaka leo kukadiria mvumo wa propela kama zile zinazoruka juu ya Kibera kila siku.

Ugumu wa kuiga

Kuiga mkondo kwa tarakilishi ni kuigawa hewa katika nukta nyingi mno, na katika kila nukta kukokotoa kasi, kani na ujoto kwa kila sehemu ndogo ya sekunde. Nukta zikiwa chache, visulisuli vidogo hupotea, na pamoja navyo sauti nyembamba. Zikiwa nyingi, mtambo hushindwa. Kipimo cha ugumu huu ni namba ya Reynolds, ipatikanayo kwa kuzidisha kasi ya mkondo na upana wake, kisha kugawanya kwa unato wa hewa. Idadi ya nukta zinazohitajika ili kisikose hata kisulisuli kimoja huongezeka takriban kwa kipeo cha 9 juu ya 4 cha namba hiyo.

Yafaa kupiga hesabu yenyewe. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita juu ya nyumba ya mita 3 una namba ya Reynolds ya milioni 1 hivi, nao huhitaji nukta zaidi ya trilioni 30. Hakuna atakayegharimia kazi hiyo kwa ajili ya paa moja la Kibera, wala haipasi. Wahandisi hukokotoa visulisuli vikubwa tu, na vile vidogo huvikadiria kwa kanuni. Sasa mkondo upitao kati ya ulimi na ufizi wakati wa kutamka /s/ una kasi ya karibu mita 36 kwa sekunde, lakini mwanya wake ni wa milimita 1 au 2 tu. Namba yake ya Reynolds ni elfu chache, na nukta zinazohitajika ni milioni 100 hivi. Idadi hiyo tarakilishi kubwa za leo huimudu. Kwa maneno mengine, katika sauti zote za mkondo zilizotajwa hapo juu, zile zilizo karibu zaidi na hesabu kamili ni zile zilizomo kinywani mwa msemaji. Ni ajabu kwamba wanaisimu wa Afrika Mashariki wamewaachia wengine shamba hili. Huko Japani watafiti, wakiwamo Kazunori Nozaki na Tsukasa Yoshinaga, wameiiga /s/ kwa njia hii, wakitumia maumbo ya kinywa cha mwanadamu.

Kuna ugumu wa pili, nao ni wa ukubwa wa vipimo vyenyewe. Kani ya hewa ya kawaida jijini Nairobi ni paskali 83,000 hivi. Kani inayosukuma hewa ili /s/ itamkwe ni paskali 800. Lakini sauti ya desibeli 60 imfikiayo msikilizaji ni paskali 0.02 tu. Tarakilishi basi inatakiwa ipate sehemu moja katika milioni 4, na kosa dogo la ukokotoaji laweza kuwa kubwa kuliko sauti inayotafutwa. Zaidi ya hayo, mawimbi yakifika ukingoni mwa eneo lililokokotolewa hurudi ndani kama mwangwi wa uongo, isipokuwa ukingo huo umeandikwa kwa namna ya kuyameza. Na hapana budi kukumbuka kwamba Nairobi iko juu. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita, hata kani ileile ya mapafu huikimbiza kwa karibu mita 40 kwa sekunde badala ya 36. Mwenye kuchukua vipimo vya pwani na kuvitumia bara, ataiga kinywa kisichokuwako.

/s/, /th/ na mvua juu ya bati

Mwaka wa 1985 Christine Shadle, katika tasnifu yake huko Marekani, alionyesha kwamba kikwamizo hakifanywi na mwanya peke yake. Mwanya hutoa ndege ya hewa yenye kasi. Lakini nguvu ya sauti hutegemea ndege hiyo inagonga nini mbele yake. Katika /s/ hewa hutoka kwenye ufizi na kupiga meno. Hapo kanuni ya Curle inafanya kazi: pana kitu kigumu, na mvumo hukua. Katika /th/ ncha ya ulimi iko penye meno yenyewe, na hewa ikishatoka haikuti kizuizi cha maana. Ndiyo sababu /th/ ni dhaifu kuliko /s/ kwa desibeli 10 au zaidi, hata msemaji akitumia pumzi ileile. Katika /sh/ mwanya umerudi nyuma, nafasi iliyo mbele yake ni kubwa zaidi, na kwa hiyo mvumo wake ni mzito kuliko wa /s/.

Maelezo haya yanagusa istilahi za isimu. Vitabu vingine huziita sauti hizi vikwamizo, na vingine vikwaruzo. Majina haya mawili yamechukuliwa kama visawe, lakini kila moja limebeba nadharia. Kikwaruzo chadai kwamba hewa hukwaruza kuta za mwanya, kama kucha inavyokwaruza bati. Fizikia haiungi mkono dai hilo, kwani sauti haitokani na msuguano bali na visulisuli na mgongano wake na meno. Kikwamizo chasema tu kwamba hewa imekwamishwa, na hilo ni kweli. Ikiwa lazima kuchagua, la pili ndilo lisilompotosha mwanafunzi.

Sasa turudi kwenye bati. Mvua kubwa ikinyesha juu ya paa la mabati, sauti yake huenea katika mitetemo mizito na myembamba kwa pamoja. Irabu, ambazo zina nguvu nyingi, huweza kupenya. Vikwamizo hufunikwa, na cha kwanza kupotea ni kilicho dhaifu, yaani /th/ na /f/. Katika darasa la mabati, na Kibera na Kawangware zina madarasa ya namna hiyo, mwalimu anayesoma imla wakati wa mvua huweza kusema “thamani” na mwanafunzi akasikia irabu tatu na konsonanti mbili za pua, akabaki kukisia konsonanti ya mwanzo. Akiandika “samani”, huambiwa kwamba lugha ya mama imemharibu. Vivyo hivyo “faa” na “saa” hutofautishwa na mvumo mfupi tu mwanzoni mwa neno.

Hoja ya lugha ya mama haina budi kuchunguzwa upya. Kikuyu hakina /s/ katika maneno yake ya asili, lakini kina sauti iandikwayo th, ambayo hutamkwa karibu na /dh/ ya Kiswahili. Kidholuo kina th na s zote mbili. Kinubi nacho, kinyume cha Kiarabu kilichokizaa, kwa kawaida kimegeuza /kh/ kuwa /k/, yaani mwanya umefungwa kabisa. Watoto wa lugha hizi wakikaa dawati moja na wakakosea kwa namna moja, chanzo cha kosa hakiwezi kuwa lugha zao zote kwa usawa. Haisemwi hapa kwamba athari ya lugha ya kwanza haipo. Ipo, na imeandikwa sana. Linalosemwa ni kwamba uchunguzi wa makosa ya vikwamizo uliofanywa katika chumba chenye paa la mabati, bila kupima sauti ya chumba hicho, una tundu kubwa. Mtihani wa imla ukifanywa siku ya jua na ukarudiwa siku ya mvua, kwa watoto walewale, tofauti ya alama zao ingekuwa kipimo cha mvua, si cha Kiluhya wala Kikamba.

Neno “kelele”

Kiingereza hutumia neno moja, noise, kwa mambo matatu: sauti inayoudhi, sauti isiyo na mlio maalumu, hata kama haiudhi, na dosari inayoingia katika ujumbe au katika vipimo. Kiswahili kimezoea kulitafsiri kwa “kelele” pote. Tafsiri hiyo inafaa maana ya kwanza pekee, na hata hapo kelele kwa asili ni sauti za watu zaidi kuliko za vitu. Kanuni za Kenya za kuzuia uchafuzi wa sauti, zilizotolewa mwaka wa 2009, ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi. Huo ni uwanja wa kelele barabara. Lakini mtaalamu akisema kwamba /s/ ni “kelele”, mwalimu wa Kiswahili atashangaa, na ana haki ya kushangaa.

Neno linalofaa maana ya pili limo katika lugha tangu zamani. Upepo huvuma, bahari huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma. Kitenzi hiki hakiulizi kama msikilizaji ameudhika, na nomino yake, mvumo, haina kosa lolote. (Uvumi, ambao ungeweza kushindana nao, umekwisha kutekwa na habari zisizo na uhakika.) Sauti ya mkondo yenye zamu maalumu, kama ya waya, ingeitwa mlio, au mluzi ikiwa nyembamba. Msonyo, ambao huzaliwa na hewa inayoingia kinywani badala ya kutoka, waonyesha kwamba wasemaji wamekwisha kuzitofautisha sauti hizi hata kwa mwelekeo wa mkondo.

Neno la kujumuisha hewa na maji kwa pamoja ni gumu zaidi. Kiowevu ni cha maji na mafuta, na kukitumia kwa hewa ni kuwachanganya wanafunzi wa fizikia. Ugiligili, ambao umo katika baadhi ya kamusi, humfanya msomaji afikirie majimaji tu. Mkondo una nafuu, kwa kuwa husemwa mkondo wa mto na mkondo wa hewa bila kigugumizi, lakini hutaja mwendo na si kitu kinachokwenda. Kwa hesabu za sauti upungufu huo haudhuru, maana hewa tulivu haivumi.

Maana ya tatu, yaani dosari katika vipimo, haijapata neno. “Ukungu” limependekezeka kwa macho lakini si kwa masikio, na “mchafuko” lina mengi ya kubeba tayari. Mkaazi wa Kibera anapoonyeshwa jedwali la vipimo vya mvumo wa ndege, maana hii ndiyo atakayoihitaji kwanza, kwa sababu kipima-sauti kilichowekwa dirishani pake kitakuwa kimenasa pia redio ya jirani, na ni lazima aelezwe ni kiasi gani cha namba zile ni ndege na kiasi gani ni redio.